UZI: Skonzi za viazi kwa chai ya saa nne, pika mwenyewe nyumbani (Mtwara na Lindi tukutane hapa)

Jiko la Shangani (#1)

Habari za Jumamosi wakuu.

Kila nikiingia jukwaa la mapishi nakuta pilau, biriani na keki za harusi. Leo naleta kitafunwa cha kawaida kabisa, skonzi za viazi. Asili yake ni Uskoti. Kule wanazila asubuhi na mayai, soseji, bekoni, maharage na nyanya za kukaanga, na watu wa Ireland nao wana za kwao zinazofanana sana na hizi. Mimi nilizijulia Mikindani, nilipokuwa nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wageni, na tangu hapo Jumapili kwangu hazikosekani. Waliotoka kanisani na walioamka saa tatu wote wanakaa meza moja: chai ya maziwa, skonzi, samaki wa kukaanga, kachumbari. Ukila hivyo saa nne, habari ya wali huiulizi mpaka saa tisa.

Niwatahadharishe wanaosubiri kitu kilichoumuka. Hizi hazina hamira. Ni bapa, nyembamba, laini ndani, na juu zina madoa ya kahawia.

Mahitaji kwa watu watatu au wanne:

Viazi mviringo nusu kilo, upime baada ya kuchemsha na kumenya
Unga wa ngano gramu 100 hadi 125, yaani kikombe kimoja cha kupimia kisichojaa sana
Siagi vijiko viwili vya chakula
Chumvi nusu kijiko cha chai
Pilipili manga, ukipenda

Chemsha viazi na maganda yake, vyenye ukubwa unaokaribiana ili viive pamoja. Kisu kikipenya mpaka katikati bila kukwama, mwaga maji yote. Hapa sasa usiwe na haraka. Rudisha sufuria motoni bila maji, moto mdogo, dakika mbili tatu, ukiitikisatikisa. Utaona mvuke unatoka, na maganda yanaanza kukauka na kupasuka. Mvuke huo ndio maji ambayo yangekuja kukudai unga baadaye.

Menya vikiwa vya moto, shika kwa kitambaa. Ponda kwa uma au mwiko mpaka mabonge yaishe, kisha siagi na chumvi. Mwaga robo tatu ya unga, kusanya kwa mkono mpaka vishikane. Kama bado vinanata, ongeza kidogo kidogo ule uliobaki. Vikishashikana, acha. Usikande.

Gawa madonge matatu. Nyunyiza unga kwenye kibao, sukuma kila donge liwe duara la ukubwa wa kisahani, unene wa nusu sentimita. Kata msalaba upate vipande vinne, vitobe kwa uma. Chuma cha chapati kipate moto wa wastani, kipake mafuta kwa kuyafuta tu, na upike dakika tatu hadi nne kila upande. Zikitoka zifunike kwa kitambaa safi zibaki laini.

Karibuni kwa maswali, matusi ya upole na picha.

Kijana wa Ndanda (#2)

Nimekaa siti ya mbele. Aliye na picha aweke, maneno hayashibishi.

Baba Korosho (#3)

Dada, pole na hongera, lakini hiyo mbona ni chapati ya viazi? Mama yangu Masasi alikuwa anapika toka sisi wadogo. Mmeipaka jina la Ulaya tu.

Jiko la Shangani (#4)

Kaka, chapati ya mama naiheshimu, na najua ilivyo tamu. Lakini angalia mkono unavyofanya kazi. Kwenye chapati unga ndio bwana mkubwa, viazi vimekuja kulainisha. Unakanda mpaka donge livutike, unalipumzisha, unapaka mafuta, unakunja, unasukuma tena. Huku mambo yamegeuzwa: viazi ni sehemu nne, unga ni sehemu moja tu, na kazi ya unga ni kuvishikilia visivunjike ukigeuza. Hakuna kukunja. Ukiila ukapata ladha ya ngano kabla ya ladha ya kiazi, ujue unga umezidi.

Jaribu kesho uweke zote mbili kwenye sahani moja, urudi hapa.

Bi Mkubwa wa Mitandi (#5)

Hamjambo wanangu. Mimi niko Lindi, nimekaanga katlesi na kachori miaka mingi kwenye shughuli za watu, kwa hiyo viazi vya kuponda nina haki navyo kidogo.

Huyo binti wa Shangani amesema kweli kuhusu maji. Niongeze moja: kazi inaanzia sokoni, jikoni mnachelewa. Kiazi kichanga, kile ganda lake unaliparua kwa kidole likatoka, kina maji mengi. Kizuri kutia kwenye mchuzi, lakini ukikiponda kinakuwa uji. Wewe chukua kilichokomaa, ganda limeshika, kizito mkononi, kikavu. Ukikikata na nusu mbili ukazisuguanisha, kinaacha utomvu mweupe na vipande vinashikana. Hicho kina wanga.

Na viazi vilivyogeuka kijani kwa kuanikwa juani msibebe, hata mkipunguziwa bei. Ule ukijani ni alama kwamba kiazi kimetengeneza sumu. Kinakuwa kichungu, kinaumiza tumbo, na kukichemsha hakusaidii. Doa dogo unalikata na nyama nene, kilichojaa ukijani unatupa. Mpeni mtoto kiazi kizuri jamani.

Lori la Tunduru (#6)

Bi Mkubwa shikamoo.

Naongezea upande wa barabarani maana viazi hivyo tunavibeba sisi. Huku kwetu kusini mwa pwani kiazi mviringo si mwenyeji, kinapenda baridi. Vinavyokuja hapa vingi vinatoka nyanda za juu, Njombe, Mbeya na Iringa. Ukianzia Songea peke yake, kupitia Namtumbo, Tunduru na Masasi mpaka Mtwara mjini, ni zaidi ya kilomita 600. Sasa hivi kuna lami tunashukuru. Kabla ya lami, mvua zikikolea, ungeweza kulala njiani na mzigo ukaanza kuota ukiwa juu ya gari.

Kwa hiyo mnapoona fungu limekuwa dogo msimgombeze mama wa sokoni. Kuna mafuta ya gari, kuna wapakiaji na washushaji, kuna vilivyopondeka chini ya gunia, na kuna lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo, inayomuumiza mkulima kule shambani kabla hata sijawasha gari.

Msimu wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili, viazi vinafika na unyevu wa turubai. Ukivinunua usivifungie kwenye mfuko wa plastiki. Vitandaze sakafuni penye giza na hewa siku moja mbili, halafu ndiyo upike hizo skonzi. Mimi siyo mpishi lakini mke wangu ananiambia tofauti inaonekana.

Jiko la Shangani (#7)

Marahaba ya Bi Mkubwa ikifika na mimi naomba niguse. Lori, asante sana. Hilo la kutandaza sakafuni nalifanya pia, nikaweka na gazeti chini.

Dada wa Ligula (#8)

Naomba msaada wa haraka, niko jikoni sasa hivi. Donge linanata mikononi, linanata kwenye kibao, linanata kwenye mti wa kusukumia. Nimeshamaliza kikombe cha unga. Niongeze? Viazi nilivisaga kwenye blenda ili visiwe na mabonge.

Jiko la Shangani (#9)

Dada weka unga chini! Usiongeze tena.

Blenda ndiyo mchawi. Kiazi kilichoiva kikisagwa na kisu kinachozunguka kasi kinageuka kuwa gundi, na unga wote wa dukani hauwezi kukirudisha. Ukiongeza unga utapata kitu kigumu, kinachotafunika mpaka taya zichoke.

Kwa donge ulilonalo, usihangaike kulisukuma. Paka mikono mafuta, chota kiasi cha yai, bapaza moja kwa moja kwenye chuma kwa vidole au mgongo wa kijiko kilicholowa mafuta. Moto uwe mdogo, na subiri upande wa chini ushike vizuri ndipo ugeuze. Zitakuwa nzito kiasi lakini zitalika. Tia kitunguu maji na giligilani zilizokatwakatwa, hakuna atakayeuliza.

Awamu nyingine ponda kwa uma. Kama una chekeche la waya, sukuma viazi vya moto vipite kwenye matundu kwa mgongo wa kijiko. Vinatoka vyepesi, havina bonge hata moja. Ni kazi ya dakika tano na mkono unauma kidogo, sitakudanganya.

Dada wa Ligula (#10)

Nimefanya hivyo hivyo na vitunguu. Watoto wameshakula sita, wanauliza kama kuna nyingine. Sijawaambia kitu.

Chaki na Bunsen (#11)

Mimi ni mwalimu wa sayansi, nivumilieni kidogo.

Ndani ya kiazi wanga umekaa kwenye vijifuko vidogo sana. Ukichemsha, chembe za wanga zinanyonya maji na kuvimba, lakini bado zimo ndani ya vifuko vyake. Ukiponda taratibu kwa uma, vifuko vinaachana kila kimoja na chake na vingi vinabaki vizima, ndiyo maana unapata viazi vya kuponda vikavu vyenye kutifuka. Blenda inavipasua. Wanga unamwagika nje, unakutana na maji, na hapo ndipo kunata kunakoanzia.

Unga wa ngano nao una protini ambayo ukiikanda pamoja na maji inafunga nyuzi zinazovutika. Kwenye mkate na chapati tunazitaka. Kwenye skonzi za viazi zinaleta ugumu. Kwa hiyo alivyosema "usikande" ana sababu.

Kuhusu kutumia viazi vya moto: siagi inayeyuka na kuenea kote, na unga unakutana na mvuke kidogo unaousaidia kushika. Vikipoa kabisa vinakuwa vigumu kuchanganyika na utajikuta unakanda tu ili vishikane.

Kijana wa Ndanda (#12)

Mwalimu ungetufundisha hivi mimi ningefaulu.

Mama Mkaa (#13)

Ninyi wa gesi mnaongea "moto wa wastani" mnageuza kitufe. Sisi wa jiko la mkaa tufanyeje? Mimi nauza chapati asubuhi, chuma changu kinawaka, nikiweka hiyo kitu si itaungua nje na ndani ibaki mbichi?

Jiko la Shangani (#14)

Mama, kwenye mkaa ndiyo zinatoka nzuri zaidi, ila zipike mwisho. Maliza chapati zako kwanza. Mkaa ukishapungua na kuvaa majivu meupe, usichochee wala usipepee. Tandaza makaa yasirundikane katikati.

Kupima moto, tupia unga kidogo sana kwenye chuma kikavu. Ukibadilika taratibu kuelekea kahawia, anza. Ukiwa mweusi papo hapo na kutoa moshi, epua chuma kipumzike. Ukikaa mweupe muda mrefu, ongeza kaa moja. Na ule unga wa kupimia uufute kabla ya kuweka skonzi, ukibaki unaleta uchungu.

Ndani kumbuka viazi vimeshaiva tangu sufuriani. Kinachotafuta moto ni ule unga tu, na kwa unene wa nusu sentimita dakika zile zinatosha.

Mama Mkaa (#15)

Hapo sawa. Na hamira ya keki, ile pauda, nisitie?

Jiko la Shangani (#16)

Wapo wanaotia robo kijiko cha chai. Mimi sitii. Inazivimbisha kidogo zikiwa za moto na zikipoa zinakuwa kavu.

Baba Korosho (#17)

Narudi na swali la historia. Livingstone si alikuwa Mskoti? Na si alikaa Mikindani? Mbona hakutuachia hizo skonzi mpaka dada aje kutufundisha leo?

Chaki na Bunsen (#18)

Mskoti kabisa, mzaliwa wa Blantyre, mwaka 1813. Na Mikindani alifika mwaka 1866, safari yake ile ya mwisho, akaingia bara kwa njia ya Ruvuma kutafuta chanzo cha mto Nile. Alishusha ngamia, nyati wa India, nyumbu (wale chotara wa punda na farasi) na punda, maana alitaka kuona kama wangestahimili mbung'o. Hakurudi tena kwao akiwa hai, alifia mwaka 1873 nchi ambayo leo ni Zambia. Viazi vya kuponda angevitoa wapi Mikindani ya wakati ule mkuu? Angepewa muhogo na mtama.

Baba Korosho (#19)

Ngamia Mikindani! Haya, tumemsamehe.

Mwana Newala (#20)

Mmetaja muhogo, sasa ndiyo mmefika kwetu. Kilo ya viazi mviringo huku Newala tunaifikiria mara mbili, muhogo upo uani. Je, hizi skonzi zinakubali muhogo? Na ming'oko je, ile mizizi ya porini? Msimu wake ukifika tunachemsha sufuria nzima.

Bi Mkubwa wa Mitandi (#21)

Muhogo unakubali, mwanangu, lakini una masharti yake. Uwe muhogo mtamu, ule wa kula. Ule mchungu tunaoufanyia makopa usiuguse kwa kazi hii, una sumu inayotaka kuloweka na kuanika ipasavyo. Menya, chemsha mpaka upasuke wenyewe, mwaga maji, toa ule mzizi wa katikati. Usipoutoa utakutana nao mdomoni.

Halafu twanga kwenye kinu ungali wa moto. Uma hautoshi, utauvunja bure. Muhogo ukitwangwa unashikana mno wenyewe, kwa hiyo unga wa ngano weka nusu ya ule wa viazi, au usiweke kabisa. Badala ya siagi tia tui zito vijiko viwili vitatu. Hapo umepata kitu cha kwetu, na ukinipa hicho na dagaa wa kukaanga wenye ndimu, hizo za Uskoti nitawaachia ninyi.

Ming'oko mwache mwenzio ale ilivyo. Kitu chembamba, ukishakimenya na kukiponda unabaki na nini? Chemsha, weka chumvi na pilipili, basi.

Mwana Newala (#22)

Bibi umemaliza. Kinu kipo, tui lipo. Jioni hii hii.

Jiko la Shangani (#23)

Nitajaribu ya tui. Kwa wale wa viazi vitamu najua swali linakuja: vinafaa, lakini vina sukari zaidi. Vichome kwenye majivu au ovenini badala ya kuchemsha, na punguza moto wa chuma maana sukari inaungua upesi. Chumvi isikosekane, la sivyo unakula kitindamlo.

Pwani Kavu (#24)

Kwa hiyo zinaliwa na nini hasa? Nguruwe kwangu haramu, soseji za friji sizipendi.

Jiko la Shangani (#25)

Mkuu, wala usihangaike na meza ya Uskoti. Ya hapa inatosha na inazidi.

Mimi ninachopenda kuliko vyote: mayai ya kuvuruga yenye nyanya na pilipili hoho, yasikaushwe sana, unayaweka juu ya skonzi ya moto. Cha pili, mchuzi mzito wa pweza wa nazi uliolala. Skonzi unaipasha chumani mpaka iwe na ukoko, halafu unachovya. Changu wa kukaanga aliyetoka soko la samaki la Feri asubuhi, huyo hahitaji hata maelezo, ndimu na kachumbari tu. Maharage ya nazi yaliyobaki usiku nayo yanakaa vizuri sana, na hapo hujatumia hela ya mboga.

Wanaopenda tamu wapake siagi na asali zikiwa bado za moto. Jemu sina shida nayo, ila mtu akipaka jemu halafu akaniomba pilipili namtazama mara mbili.

Kijana wa Ndanda (#26)

Mimi napaka siagi ya karanga. Nihukumuni.

Bi Mkubwa wa Mitandi (#27)

Mwacheni, bado kijana.

Mama Mkaa (#28)

Biashara sasa. Nikiziongeza kwenye meza yangu ya chapati, zitalipa? Wateja wangu ni mafundi na vijana wa bodaboda, wanakuja kuanzia saa tatu na nusu.

Lori la Tunduru (#29)

Mama kwa uzoefu wa kula barabarani: fundi anataka kushiba na kubeba mkononi. Ukimpa kipembe kimoja chembamba atakuangalia. Mfanyie vipembe viwili, katikati yai au dagaa, funga kwenye karatasi. Hapo atakulipa bila kulalamika.

Jiko la Shangani (#30)

Nakubaliana na Lori. Halafu, mama, angalia bei ya viazi kabla ya kuangalia bei ya unga. Kwenye chapati ukipandishiwa unga unaumia, kwenye hizi ukipandishiwa viazi unaumia zaidi. Kipindi viazi viko juu, ziondoe mezani au hamia muhogo wa Bi Mkubwa. Anza na sufuria moja, uone zinaisha saa ngapi.

Na joto letu hili usilichezee. Donge bichi la viazi lisikae nje zaidi ya saa mbili, linaanza kutoa maji na kuchacha. Zilizopikwa zifunike, na zilizobaki mchana usizilaze mezani uje uziuze kesho. Ziweke kwenye friji zikishapoa, siku mbili tatu zinakaa. Friza zinakaa mwezi, ukiweka karatasi kati ya moja na nyingine zisigandane.

Mama Mkaa (#31)

Nimeelewa. Jumatatu naanza na sufuria ndogo.

Pwani Kavu (#32)

Mzee wangu ana sukari. Anaruhusiwa?

Chaki na Bunsen (#33)

Mkuu, viazi vya kuponda na unga mweupe vyote vinapandisha sukari haraka, kwa hiyo asizile peke yake na chai ya sukari. Kipembe kimoja, na sahani iliyobaki iwe yai au samaki, maharage na mboga za majani. Kiasi chake halisi aulize kliniki anakohudhuria, wao wanajua dawa anazotumia.

Dada wa Ligula (#34)

Na asiyekula ngano? Mdogo wangu ikimgusa tu tumbo linamsumbua.

Jiko la Shangani (#35)

Unga wa mchele unafanya kazi. Haushikiki kwa nguvu ile ile, kwa hiyo usizisukume nyembamba. Zifanye ndogo na nene, upana wa kiganja, na ugeuze kwa mwiko bapa mpana. Kibao nacho kinyunyizie unga wa mchele, watu wanasahau hapo na kuturudishia ngano kwa mlango wa nyuma.

Kijana wa Ndanda (#36)

Jamani mimi nimeiva. Kesho wanakuja washikaji wanne kutazama mpira, wanafika saa nne. Naweza kuandaa donge leo usiku, asubuhi nikapika tu?

Jiko la Shangani (#37)

Donge hapana, mdogo wangu. Likilala linalowa, rangi inapauka, na asubuhi utaongeza unga ambao haukuwa na kazi. Zipike kabisa leo usiku. Zikishapoa zifunge, ziingize kwenye friji. Asubuhi chuma kikavu, moto mdogo, dakika mbili kila upande. Tena hizo za kupashwa wengine tunazipenda kuliko za moto wa kwanza, maana ukoko unakuwa mkavu zaidi. Ukitaka kujifurahisha, pashia kwenye mafuta yale yale uliyokaangia samaki.

Kwa vijana watano wa mpira ongeza viazi, chemsha kilo nzima.

Kijana wa Ndanda (#38)

Kilo nzima imeshachemka wakati nasoma. Chuma ninacho. Mti wa kusukumia sina, na jirani amefunga mlango.

Mama Mkaa (#39)

Chupa ya soda, ile ya kioo. Ioshe nje vizuri, ifute ikauke, ipake unga. Usibonyeze kwa nguvu.

Kijana wa Ndanda (#40)

Imekubali. Duara halijawa duara lakini linageuka bila kuvunjika. Naweka picha zikipoa.